Funika Kombe, Bosi Apite

Ofisi yoyote yenye watu wanaofanya kazi kwenye lile dirisha jeusi la amri, liitwalo terminali, ina mchezo wake mmoja. Nyayo za bosi zinasikika koridoni, vidole vinakimbilia kibodi, zinaandikwa herufi tano, clear, Enter inagongwa, na kioo kinabaki cheusi kama ubao uliopanguswa kabla mwalimu hajaingia. Kombe limefunikwa. Bosi anapita na kumkuta mtu anayetazama weusi mtupu kwa makini ya ajabu, na hilo peke yake lingetosha kumtia shaka. Nadhani amri hii inasingiziwa kazi ambayo haikuajiriwa kuifanya, na vituko vingi vinavyoizunguka vinatokana na kulielewa vibaya jina lake. Kiswahili kingetuokoa mapema, kwa kuwa sisi tuna kufuta, kufagia, kupangusa, na kuondoa vyombo mezani, na hakuna anayechanganya cha kwanza na cha mwisho. Aliyeondoa sahani hajatupa pilau. Pilau iko jikoni, na mwenye njaa anajua njia.

Ushahidi uko ndani ya amri yenyewe. Programu ya clear haigusi kioo hata kidogo. Inachofanya ni kutuma barua fupi, ambayo kiini chake kwa terminali nyingi za leo ni alama saba tu: tatu za kwanza zinamwambia mshale nenda kona ya juu kushoto, nne zinazofuata zinasema ondoa kinachoonekana. Lahaja hii ya alama ilienea kupitia VT100, mashine ya kampuni ya DEC iliyotoka mwaka 1978, yenye mistari 24 ya herufi 80, yaani nafasi 1,920 za kujaza. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake. Terminali ya ADM-3A ilisafisha kioo kwa Ctrl-Z, vibonye ambavyo kwenye Unix ya leo husimamisha programu katikati ya kazi, kwa hiyo mzee wa zama zile akifufuka leo akataka kupangusa kioo ataacha programu zimeganda kila kona. Ni kwa sababu ya Babeli hiyo Bill Joy wa Berkeley aliandika termcap mwaka huohuo wa 1978, kamusi inayoieleza programu terminali ipi inaambiwa nini. Maelezo ya VT100 yanaagiza hata mapumziko ya milisekunde 50 baada ya kusafisha, maana mashine ilihitaji kuvuta pumzi. Na clear ikikutana na terminali isiyokuwamo kwenye kamusi, haibahatishi. Inalalamika kwa mstari mmoja, na kioo ulichotaka kisafishwe kinazidi uchafu kwa mstari huo.

Ukishajua kwamba clear ni mjumbe tu, vituko vinajieleza. Aliyelelewa na MS-DOS, ambayo ilipata cls yake kwenye toleo la 2.0 mwaka 1983, akihamia Linux huandika cls kwa mazoea na kujibiwa kwamba amri haipo. Anaandika tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Mwingine amemwaga faili la picha kwenye terminali akidhani ni maandishi. Ndani ya picha mkawamo alama namba 14, ambayo kwa terminali nyingi za ukoo huu ni agizo la kuhamia seti nyingine ya herufi, na tangu hapo kila anachoandika kinatoka vistari na pembe kama nakshi za mlango wa Zanzibar. Anaita clear. Kioo kinasafishika vizuri sana, na herufi inayofuata inatoka nakshi vilevile, kwa kuwa barua ilisema ondoa kinachoonekana, haikusema rudi kwenye herufi za kawaida. Dawa ni amri ya reset, ambayo inabidi uiandike bila kuisoma na kuamini kwamba vidole vinajua tahajia. Yupo pia yule aliyefuta folda ambayo haikupaswa kufutwa, akaandika clear papo hapo. Huyo ni ndugu wa mtoto anayejifumba macho ili asionekane.

Mtu atasema: basi amri ni ya kitapeli, ifundishwe kufuta kwelikweli. Ombi hilo limeshajibiwa. Terminali ya xterm ilikuwa na alama ya ziada ya kufuta hata mistari iliyokwisha kupanda juu ya kioo, na mwaka 2013 clear ya kifurushi cha ncurses ikaanza kuituma pale terminali inapoifahamu. Barua ikatoka alama saba ikawa kumi na moja. Matokeo? Waliokuwa wakilalamika kwamba haifuti wakapata wenzao wanaolalamika kwamba imefuta. Ujumbe wa kosa aliouomba fundi, ule wa mistari arobaini ambao hakuna binadamu anaukariri, ulikuwa huko juu, na sasa hauko popote. Ikabidi baadaye liongezwe chaguo la -x, lenye maana ya fanya kama zamani. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika kuonyesha kwamba ule uvivu wa mwanzo ulikuwa na hekima yake.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama. Mtu ameandika nenosiri ndani ya amri, lazima alifute! Lazima kweli, ila si hapa. Bash, programu inayopokea amri zako, inaiweka amri hiyo kwenye orodha yake ya historia, amri 500 kwa kawaida, na ukifunga dirisha kistaarabu inaiandika kwenye faili. Mshale wa juu, bonyeza mara mbili tatu, na nenosiri linarudi likiwa na afya tele. Aliyesafisha kioo akaondoka kwenda chai amefanya jambo baya kuliko asingefanya lolote, kwa sababu amekwenda chai na amani moyoni.

Sasa kama haifichi wala haifuti, inatufaa nini? Hapa ndipo ninapoitetea. Terminali ni mjukuu wa karatasi. Unix ilikua kwenye Teletype Model 33, mashine iliyopiga chapa herufi kumi kwa sekunde, kwa kelele, zote kubwa, na Linux hadi leo inaiita terminali tty kwa heshima ya mababu hao. Kilichochapwa hakikufutika. Ulichoweza kuomba, kwa mashine yenye uwezo huo, ni ukurasa mpya, kwa alama namba 12 ya ASCII, na namba 12 ndiyo Ctrl-L, ambayo kwenye Bash hadi leo husafisha kioo. Programu ikitapika mistari elfu mbili kila unapoijaribu, anayeanza ukurasa mpya kabla ya jaribio anajua kosa la sasa linaanzia wapi, na la jana halimdanganyi. Kwa kazi hiyo Ctrl-L inaishinda clear: ya zamani inayaacha huko juu, na haikunyang'anyi ulichokuwa unaandika. Kwa kufunika kombe, lakini, haifai kabisa, kwa sababu ile nusu ya amri uliyokuwa hujaimaliza itapanda hadi mstari wa kwanza na kubaki hapo peke yake, katikati ya weusi mtupu, pale pale bosi atakapotazama kwanza.