Barua ya Wazi: Naomba Genge Langu Litambuliwe Kuwa la Kiholanzi

Katibu Mkuu,
Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji,
Washington.

YAH: MAOMBI YA GENGE LA NYANYA KUTAMBULIWA KAMA UWEKEZAJI WA KIGENI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natumaini u mzima wa afya, wewe pamoja na wasuluhishi wako, ambao tangu Julai 2022 malipo yao ni dola 500 kwa saa. Mungu awazidishie. Sisi huku hatujambo, tunaendelea kulipa.

Nakuandikia kama mmoja wa walipaji hao. Mwaka 2023 sisi Watanzania tulikubaliana na kampuni ya madini ya Winshear ya Kanada kuilipa dola milioni 30. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Indiana Resources ya Australia: baraza la kwako lilikuwa limeipa dola milioni 109.5 kwa ajili ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, nasi tukabembeleza hadi ikashuka kuwa 90. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Montero nayo ikaahidiwa milioni 27. Ukijumlisha ni milioni 147, na katika maeneo yote matatu hakuna mgodi hata mmoja uliowahi kufunguliwa.

Sibishi kwamba walionewa. Sheria ya madini ilibadilishwa mwaka 2017, leseni zao za kuhodhi maeneo zikafutwa, na aliyezifuta ni serikali yetu wenyewe. Mtu akivunjiwa chake ana haki ya kupiga kelele. Ila na mimi nilivunjiwa, na serikali hiyohiyo. Wao walikuja kwako. Mimi niliambiwa nisogee pembeni, gari la mgambo lipite.

Ndiyo maana nakuomba, kwa heshima zote, genge langu lililokuwa kando ya barabara litambuliwe kuwa uwekezaji wa Kiholanzi.

Nimechagua Uholanzi kwa makusudi. Tanzania ilivunja mkataba wake wa uwekezaji na nchi hiyo, na mkataba ukafa rasmi tarehe 1 Aprili 2019, yaani Siku ya Wajinga. Lakini kumbe mikataba ya aina hii ikifa haizikwi: uwekezaji uliokuwapo kabla ya siku hiyo unaendelea kulindwa kwa miaka 15, hadi 2034. Mimi mke wangu akinifukuza, sidhani kama nitaendelea kupikiwa hadi 2034. Basi genge langu lilikuwapo kabla ya tarehe hiyo. Kilichopungua ni kampuni mama yenye anwani Amsterdam, isiyo na mfanyakazi wala kiti. Wenzangu wakubwa wanazo na hakuna anayewacheka. Naomba unihesabie kwamba nilikuwa nayo, ila nilichelewa kujua.

Hoja ya pili ni matarajio halali, ambayo najua wasuluhishi wako wanayapenda. Desemba 2018 Rais alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na tukahakikishiwa kwamba mwenye kitambulisho hatasumbuliwa na mtu. Nikalipa. Nikakivaa shingoni hata nikienda msibani. Mwaka 2021 likaja zoezi la kuwapanga wamachinga, na genge likapangwa ndani ya karandinga, mizani ikiwa juu ya nyanya. Kama ahadi ya mkuu wa nchi kwa mwenye mgodi ni dhamana, ahadi yake kwa mwenye matenga ni nini? Kitambulisho nimekiambatisha. Picha imefifia, lakini ni mimi.

Hoja ya tatu ni faida ambazo ningezipata. Tathmini yangu inaanzia siku ya kuvunjwa na kuishia 2034. Nimezingatia kwamba mji unakua, kwamba kila ndoa mpya huleta sufuria mpya, na kwamba sufuria haikubali kukaa bila nyanya. Nimeweka tawi la pili, ambalo nilikuwa nalizungumzia sana, na tawi la tatu, ambalo sikuwahi kulitaja kwa mtu. Nimeweka vitunguu. Nimeweka riba. Usishangae, Mheshimiwa: mwaka 2019 baraza la kwako liliiamuru Pakistan ilipe zaidi ya dola bilioni 5 kwa mradi wa shaba wa Reko Diq, mgodi ambao haukuwa umejengwa. Nyanya zangu zilikuwapo. Watu walizibonyezabonyeza.

Nikishinda, naomba pia hati ya kukamata mali. Mwaka 2022 ndege yetu ya Airbus ilizuiwa Uholanzi kwa sababu ya fidia iliyoamriwa katika kesi ya mradi wa miwa wa Bagamoyo, wa kampuni ambayo hatukuwahi kuionja sukari yake hata kijiko. Mimi sitaki ndege. Nitatosheka na lile karandinga.

Kama maombi haya ni mazito, nina mengine mepesi. Mikataba mipya impe mwekezaji wajibu na si haki tupu, kama Morocco na Nigeria walivyoandika mwaka 2016. Mgeni aanzie mahakama za hapa, kama sheria ya Afrika Kusini ya 2015 inavyotaka. Au tufuate Brazil, ambayo katika mikataba yake nchi huzungumza na nchi, na kampuni haipewi mlango wa kuishtaki serikali. Na anayesaini mkataba asomewe kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watakaoulipa.

Najua utaniambia kwamba mageuzi yanaendelea. Tangu 2017 wajumbe wa nchi wanakutana Vienna na New York chini ya Umoja wa Mataifa, wakijadili maadili ya wasuluhishi, mahakama ya kudumu, na kituo cha kuzishauri nchi maskini. Ni kazi njema. Wamejadili namna ya kuendesha kesi. Kumpa mtu kama mimi haki ya kufungua kesi, hapo hawajagusa.

Maana tulishajaribu kuingia. Katika kesi ya maji ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na kampuni ya Biwater, mashirika ya kiraia ya LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP yaliomba kusikilizwa mwaka 2006. Yakaruhusiwa kuandika maoni, lakini bila kuonyeshwa nyaraka za kesi na bila kukanyaga kwenye chumba cha kesi. Yalikuwa maji yetu! Ndoo zilikuwa zetu, kipindupindu ni chetu, na bili ya mawakili ni yetu. Mnatujua vizuri sana siku ya kulipa, na siku ya kusema mnatuita watu baki. Hii si haki, ni dharau iliyogongwa muhuri.

Samahani, Mheshimiwa. Nilipandisha sauti, na karatasi haina kosa.

Nirudi kwenye utaratibu. Mikataba mingi humtaka mlalamikaji asubiri miezi sita ya maridhiano kabla ya kuja kwako, kwa hiyo barua hii ihesabiwe kuwa notisi yangu. Serikali ikitaka tuyamalize nyumbani, mimi si mgumu. Indiana walikubali kupunguziwa, nami nitakubali. Nafuta tawi la tatu. Nafuta na la pili. Nilipwe mizani, nyanya za siku ile, na ile elfu ishirini ya kitambulisho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Genge,
Dar es Salaam.

Nakala: Mgambo wa zamu, kwa taarifa. Karandinga lisisafirishwe nje ya nchi hadi shauri liishe.