Kasa Hana Saa: Mwongozo wa Safari ya Familia hadi Ras al Jinz

Ras al Jinz, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na Ras al Hadd, upande wa mashariki kabisa wa Bara Arabu, inajulikana kwa ufuo ambao kasa wa kijani hupanda mwaka mzima kutaga mayai, hasa katika miezi ya kiangazi, na tangu mwaka 1996 eneo hilo limekuwa hifadhi iliyowekwa kwa amri ya Sultani. Mgeni hutakiwa kuweka nafasi mapema, kwa sababu watu huingia ufuoni kwa makundi wakiwa na mwongozaji, kundi la usiku baada ya isha na kundi la alfajiri kabla jua halijachomoza. Masharti yenyewe si mengi: kunyamaza, kutowasha taa, kutopiga picha usiku, na kungoja. Tatizo huanza pale masharti hayo yanapokutana na familia ya Waomani wanaozungumza Kiswahili, yaani ile ambayo wazee wake walizaliwa Unguja, Pemba au Mombasa, kwani ni nadra familia hiyo kutimiza hata sharti moja kati ya hayo manne ikiwa nyumbani kwake, seuze yote kwa pamoja gizani.

Safari inayoanzia Ibra huharibika, kwa kawaida, jikoni. Bibi wa nyumba hakubali kwamba watu wanaweza kwenda Sur na kula hotelini, kwa hiyo tangu alfajiri hukaangwa sambusa, hupikwa pilau ya sufuria kubwa, na chupa za chai hupangwa kwenye buti la gari hadi mkeka unakosa pa kukaa. Wanaoondoka saa nane badala ya saa nne hujikuta wakipita Al Kamil watoto wakilia njaa, sambusa zikaanza kutolewa moja moja kutoka kiti cha nyuma, na kufikia Sur chakula cha jioni kimebaki pilau tupu. Ushauri wa busara ni kula Sur mapema, samaki wa kuchoma na wali, kisha kuwapeleka watoto kuitazama Fath al-Khayr, jahazi kubwa la aina ya ghanja lililoundwa mjini humo mwaka 1951, ambalo babu hulieleza kwa saa nzima kana kwamba alilipanda mwenyewe. Anayepuuza ushauri huo na kutandika mkeka wazi karibu na Ras al Hadd wakati wa kiangazi atatambua kwamba upepo wa kusi, ule ule uliozisukuma jahazi kutoka Zanzibar kuja Arabuni kwa karne nyingi, haushindwi na sahani za plastiki.

Ufuoni, adui wa kwanza ni simu. Kasa jike akiona mwanga wakati anapanda hugeuka akarudi baharini bila kutaga, na watoto wa kasa, ambao hutoka mchangani baada ya takriban miezi miwili, huitafuta bahari kwa kuufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa desturi ya maumbile ni upande wa maji, hivyo taa yoyote ya nchi kavu huwapoteza. Maelezo haya hutolewa na mwongozaji kwa sauti ya chini, familia nzima huitikia kwa vichwa, na dakika hiyo hiyo simu ya shangazi huwaka na kulia kwa nguvu kwenye mkoba, kwa kuwa dada yake aliyeko Maskati anataka kujua kama kasa ameshatokea. Kuzima sauti hakutoshi, kwa sababu ni kioo kinachong'aa. Simu ibaki garini, na dada wa Maskati aambiwe hivyo mapema, asije akawapigia polisi.

Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Kasa hana saa: akishapanda huchimba kwanza shimo la kulaza mwili wake kwa mapezi ya mbele, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba tundu jembamba la mayai, akichota mchanga kidogo kidogo kwa uangalifu ambao hakuna fundi wa kisima angeudharau, na akigonga jiwe au mzizi huacha kila kitu na kwenda kuanza mahali pengine. Hapo ndipo mjomba, ambaye tangu Ibra amekuwa akiitazama saa ya mkononi, humuuliza mwongozaji kama haiwezekani kumhimiza.

Mayai yanapoanza kuanguka, takriban mia kwa uzao mmoja, meupe na ya mviringo, wageni huruhusiwa kusogea kwa zamu nyuma ya mnyama, na hapo mwanga mdogo wa mwongozaji huonyesha machozi mazito yakimtiririka kasa huku mchanga umemganda kwenye kope. Kitaalamu, hayo ni maji ya chumvi yanayotoka kwenye tezi zilizo karibu na macho, ambazo kazi yake ni kuupunguzia mwili chumvi ya bahari, na hutoka wakati wote, majini na nchi kavu. Ufafanuzi huo, hata ukitolewa kwa Kiswahili fasaha na mjukuu anayesoma sayansi, haujawahi kumfaa bibi aliyezaa watoto tisa. "Muache, mwanangu," husema, naye anafuta machozi yake kwa ncha ya shela, "wewe hujui uchungu." Haifai kubishana naye, si kwa adabu tu bali kwa sababu kunyamaza ni sharti la kwanza.

Hatari iliyo kubwa zaidi huja baada ya kutaga, nayo huwapata wanaume waliovaa kanzu iliyopigwa pasi na kufukizwa udi. Ili kulificha kiota dhidi ya mbweha, kasa hurusha mchanga nyuma kwa mapezi ya mbele kwa nguvu ya mnyama mwenye uzito wa zaidi ya kilo mia, na mchanga huo ni mbichi. Aliyesimama nyuma yake ili aone vizuri huupokea kuanzia kofiani hadi miguuni. Na kwa kuwa hawezi kupiga kelele, huupokea kwa heshima.

Linabaki suala la viatu. Wengi huvivua wanapofika kwenye mchanga, ndara na makubadhi ya familia kadhaa yakarundikwa pamoja, kisha huvitafuta gizani kwa kupapasa, bila taa na bila maneno. Kwa njia hiyo mjomba hurejea Ibra akiwa na kubadhi lake la kulia na ndara ya kike ya mguu wa kushoto, na kuna gari jingine, pengine la Nizwa, ambamo mama wa watu anauliza hiki kiatu ni cha nani.