Mwongozo wa Muuguzi wa Dharura Anayetaka Kuhama

Sisi wauguzi tunafundishwa mapema sana kwamba kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa hakikufanyika. Ulitoa dawa usiandike, hukutoa. Ulipima presha usiandike, hukupima. Siku mambo yakienda mrama, faili ndilo linaloaminiwa.

Lakini muuguzi huyohuyo anayeandika kila chupa ya dripu, akitaka kuhama kazi hubeba wasifu wenye sentensi moja: "Nina uzoefu wa miaka minane katika idara ya dharura." Majeruhi wa bodaboda, wajawazito wenye kifafa cha mimba, watoto wenye malaria kali, wazee waliopooza ghafla wakiwa mezani, wote wamemezwa na sentensi hiyo! Huko ni kujidhulumu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayetaka kutoka Sumbawanga kwenda Dar es Salaam, Mombasa kwenda Riyadh, au Kisumu kwenda Leeds. Dawa yake ni ileile kila mahali: jiandike.

1. Jifungulie faili

Nunua kauntabuku. Usiweke mapishi wala michango ya harusi humo. Hili ni faili la mgonjwa mmoja, na mgonjwa ni ajira yako. Andika idara yako ina vitanda vingapi, zamu ina wauguzi wangapi, na kwa kawaida mnapokea wagonjwa wangapi usiku. Andika mnatumia mfumo gani kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, kwa sababu mwajiri wa mbali atauliza. Anayetumia mfumo wa Afrika Kusini wa rangi ataeleweka upesi Manchester, mji uliotoa jina la mfumo mwingine wa rangi unaotumika katika hospitali nyingi za Uingereza. Andika mashine unazoziendesha mwenyewe na zile unazomsaidia daktari kuziendesha. Tenganisha mambo hayo mawili, maana kwenye usaili ndipo watu wanapoumbuka.

Kisha andika mafunzo na tarehe zake. Kama ulisoma kozi ya huduma ya msingi ya dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018, iweke. Kadi za BLS na ACLS za Shirika la Moyo la Marekani hudumu miaka 2. Tazama yako isije ikawa imekufa mfukoni.

Sasa ile sentensi moja itazaa. Badala ya "nilihudumia wagonjwa wa dharura", utaandika: "Ni mkuu wa zamu ya usiku katika idara yenye vitanda kumi na viwili. Napanga wagonjwa kwa uzito, naanzisha huduma ya mgonjwa mahututi hadi daktari afike, na nafundisha wauguzi wapya." Huyo ni mtu anayeweza kuajiriwa. Majina ya wagonjwa yasiingie humo hata moja.

2. Msalimie karani wa masjala

Wengi humwendea mganga mkuu kwa heshima zote na kumpita karani wa masjala kama nguzo ya umeme. Kumbe karani ndiye anayejua faili lako liko kabati gani. Ukiomba kazi nchi za Ghuba, nyaraka zako hupitia kampuni ya uhakiki iitwayo DataFlow, nayo huuliza chuo ulichosoma na hospitali uliyofanyia kazi. Barua ya uhakiki isipojibiwa, miaka yako yote inabaki madai tu. Kwa hiyo mjulishe karani mapema kwamba barua inakuja, na ufuatilie hadi ijibiwe. Umsalimie pia siku ambazo huna shida.

Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na Baraza la Wauguzi Kenya hutoa barua ya kuthibitisha usajili na mwenendo wako. Mara nyingi barua hiyo hutumwa moja kwa moja kwa baraza la nchi unayokwenda, haipitii mkononi mwako. Leseni iliyokwisha muda itakukwamisha hapo, basi ihuishe kwanza.

Halafu kuna jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha chuo kinasema Mwana Idi, na pasipoti imebeba jina la mume. Mtaani wewe ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza mmekuwa watatu, na anataka kujua wengine wawili wamekwenda wapi. Lisawazishe jina kisheria kabla ya kulipia mtihani wowote.

3. Chagua nchi kwa macho ya kazi

Usichague nchi kwa picha za theluji. Uliza kazi yenyewe ikoje.

Marekani inataka mtihani wa NCLEX-RN, wenye maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa 5. Kompyuta hukupa swali kulingana na ulivyojibu lililotangulia, hivyo ukiona maswali yanazidi kuwa magumu usikate tamaa. Ukishafaulu, viza ya kuhamia, ya kundi la EB-3, ina foleni, na foleni hiyo imewahi kusubiriwa kwa miaka. Leseni hutolewa na jimbo, ingawa majimbo mengi yameungana kuitambua leseni moja. California haimo katika muungano huo, lakini ina sheria inayomgusa muuguzi wa dharura: muuguzi mmoja asizidishiwe wagonjwa 4, wakiwa mahututi 2, na majeruhi mahututi awe 1. Muuguzi aliyezoea kuhudumia ukumbi mzima peke yake aisome sheria hiyo ameketi.

Nchi za Ghuba hazikati kodi ya mshahara, na waajiri wengi huko hutoa nyumba. Soma mkataba wako. Saudi Arabia, mkataba ukiwa kwa lugha mbili na zikapingana, Kiarabu ndicho kinachoshinda. Mtafute mtu akusomee Kiarabu hicho kabla kalamu haijagusa karatasi.

Ujerumani ilisaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya Septemba 2024, lakini Kijerumani cha ngazi ya B2 hakikwepeki. Tenga muda wa kutosha wa kukisoma.

Uingereza huanzia kwa baraza la wauguzi la huko, NMC. Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza hufanywa kwenye kompyuta, na unaweza kuifanya ukiwa bado Afrika. Humo mna hesabu za dawa na uuguzi wenyewe. Ya pili, OSCE, hufanyika Uingereza tu, na ina stesheni 10 za vitendo. Hapo ndipo mzoefu anapojikwaa. Anaingia, mikono inakwenda upesi, anamaliza kabla ya muda, anatoka anatabasamu. Lakini hakujitambulisha, hakuthibitisha jina la mgonjwa, hakuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, na mikono aliinawa moyoni. Mtahini hutia alama kwa anachokiona na anachokisikia. Sema unachofanya, na ufanye unachosema.

4. Kiingereza ni mtihani, kisomee

Mwanzoni mwa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Kenya lilielezwa kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Watu walicheka mitandaoni. Mimi nilisikitika, maana wale ni wauguzi waliosoma uuguzi wote kwa Kiingereza. Waliangushwa na aina ya mtihani ambao mtu hufaulu kwa kuuzoea.

NMC inataka alama 7 za IELTS katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kuna njia nyingine, nami naipendekeza kwa muuguzi wa dharura: mtihani wa OET, uliotungwa kwa watu wa afya. Sehemu ya kuandika hukupa kumbukumbu za mgonjwa na kukutaka uandike barua, mara nyingi ya rufaa au ya kumruhusu mgonjwa. Wewe umeandika barua za rufaa saa tisa za usiku, gari la wagonjwa linanguruma nje na ndugu wa mgonjwa wamekushika bega. Hapa unapewa dakika 45, kiti, na hakuna anayekushika bega. Fanya mazoezi, kisha nenda.

5. Wakala anayeomba pesa, mpe pole

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada. Uingereza nako sheria inakataza ada ya kutafutiwa kazi. Wakala akikuambia ulete milioni mbili za "kufungulia faili", mkalishe kitini, mpime presha, mpe maji, kisha uondoke na mkoba wako. Faili lako umeshalifungua mwenyewe kwa bei ya kauntabuku.

Jua na haya. WHO ina orodha ya nchi 55, iliyotolewa mwaka 2023, zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Kwa mwongozo wa Uingereza, waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe akiomba kazi moja kwa moja kwa hiari yake, hajavunja kitu. Kenya haimo kwenye orodha ya WHO, lakini wauguzi wake husakwa kupitia makubaliano ya serikali mbili yaliyosainiwa Julai 2021. Kwa hiyo mtu aliyekodi ukumbi wa hoteli Dar es Salaam akisema ametumwa na hospitali ya Uingereza kuokota wauguzi, mwombe akueleze amepitia mlango gani. Na anayekuuzia leo kazi ya kulea wazee Uingereza kutoka ng'ambo, mwambie mlango huo wa viza ulifungwa kwa waombaji wapya Julai 2025.

6. Kwenye usaili, uliza na wewe

Usaili ni wa pande mbili. Uliza: zamu ya usiku ina wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi? Nitafanya kazi chini ya mwenyeji kwa wiki ngapi kabla ya kuachwa peke yangu? Nani analipia mtihani, tiketi na nyumba ya mwanzo? Nikiondoka kabla ya mkataba kuisha, nitadaiwa kiasi gani, na deni linapungua vipi kadiri ninavyokaa? Mwongozo wa Uingereza unataka masharti ya kurudisha gharama yawe wazi na ya haki, na deni lishuke kadiri muda unavyopita. Mwajiri mwema atajibu bila kukunja uso. Atakayekunja uso amekupa jibu tayari.

7. Jiandae kushuka ngazi, usishushe kichwa

Katika NHS, mfumo wa afya wa umma wa Uingereza, wauguzi wengi wanaotoka nje huanzia daraja la 5, hata waliokuwa wakuu wa zamu kwao. Utakuta hospitali haikuruhusu kuweka kanula hadi uhudhurie mafunzo na kutiwa sahihi, ingawa umeweka kanula kwa watoto wenye mishipa myembamba kama uzi, kwa mwanga wa simu. Hudhuria, utiwe sahihi, endelea. Daftari lako lina ushahidi wa kukupandisha daraja la 6. Lipeleke kwa msimamizi pale nafasi inapotangazwa, usisubiri aote.

Utakuta pia wagonjwa wamelazwa korido. Juni 2024 chama cha wauguzi cha Uingereza, RCN, kilitangaza kwamba kuwatibu watu koridoni ni dharura ya kitaifa. Hapo ujuzi wako wa kumwona mgonjwa anayezidiwa kimyakimya katikati ya kumi wanaopiga kelele una thamani kubwa. Utumie, na uripoti hatari kwa maandishi, kwa sababu huko muuguzi analindwa anaposema.

8. Ondoka vizuri

Unapoondoka, kitanda ulichokisimamia hakiondoki. Usiage kwa ujumbe wa simu saa ya kupokezana zamu. Toa notisi, fundisha mrithi wako kuiendesha ile mashine inayokusikiliza wewe tu, na umwachie nakala ya taratibu za idara. Kuhama ni haki yako, na hakuna mtu wa kukuita msaliti kwa kutafuta mshahara unaosomesha wanao. Wagonjwa wako nao wana haki ya kukuta mtu anayejua oksijeni inafunguliwa wapi.

Kwenu waganga wakuu, metroni na makatibu wa hospitali: barua ya uzoefu ya muuguzi si fadhila. Mnaponyima sahihi mkidhani mnamzuia asiende, mnamfundisha kwenda bila kuaga, na wenzake wanaobaki wanaona. Mnaotaka wabaki, walipeni posho za zamu kwa wakati, muongeze wauguzi wa usiku, na muwapandishe vyeo wanaostahili. Wengi watabaki.

Nawe msomaji, usingoje tangazo la kazi. Kesho ukitoka zamu, kabla hujalala, pita masjala uombe nakala ya barua yako ya kwanza ya ajira.