Ukuta wa Jiko la Mama

Mama mkwe alitaka jiko la nje likamilike kabla washenga wa wifi hawajaja. Fundi alikuwa amebanwa na kazi nyingine. Shemeji, kitinda mimba wa nyumba hii, akasema fundi wa nini, yeye yupo. Matofali ya inchi sita yalikwisha kushushwa, mchanga na saruji vipo. Akaazima pimamaji kwa jirani. Timazi hakuwa nayo.

"Jicho linatosha, Mama."

Alivyolisema neno hilo, sote tulimwamini. Kufika kozi ya nane, mama akasimama uani, akautazama ukuta kwa upande.

"Mwanangu, mbona unainamia kwa jirani?"

"Ni kivuli tu, Mama."

Siku ya washenga, wageni wakiwa wameshaketi sebuleni, ukuta ulianguka. Ulilala juu ya banda la kuku na sufuria ya pilau iliyokuwa mafigani. Namshukuru Mungu, hapakuwa na mtu karibu.

Mama hakupiga ukelele. Aliwahesabu watoto kwanza, akamtuma mmoja dukani kuchukua mikate na mayai, akanawa mikono. Vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye nyusi zake alipoingia sebuleni na kusema, "Ukuta umeanguka, watu wote wazima. Chai inakuja. Tulikuwa tumefikia wapi?" Mazungumzo ya posa yakaendelea, na posa ikakubaliwa jioni ile ile.

Waingereza wana neno la hali ile: aplomb. Walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 19, na kwa Wafaransa asili yake ni hiyo hiyo timazi aliyoikosa shemeji. À plomb ni kusimama wima kwa kufuata timazi. Plomb ni madini ya risasi, mazito, yaliyofungwa kwenye uzi ili ushuke umenyooka. Neno hili halimfai kila anayejiamini. Humfaa aliyetikiswa mbele ya watu akaendelea na shughuli yake kwa utulivu na ustadi. Shemeji alijiamini, na kujiamini hata asiyejua kazi anaweza. Aplomb ilikuwa ya mama.

Fundi alipopata nafasi alikuja na uzi wake wenye pande la chuma. Aliuning'iniza kwenye kozi zilizosalia, akaacha pande litulie, kisha akapima nafasi kati ya uzi na tofali, juu na chini. Zingelingana, ukuta ungekuwa umenyooka. Zilipishana kwa vidole viwili, na kuinama kulianzia kozi ya tatu, siku nyingi kabla mama hajauliza. Akabomoa mpaka kwenye msingi. Shemeji akawa msaidizi wake, anamchanganyia udongo na kumwagilia ukuta asubuhi na jioni.

Ndugu msomaji, ukijenga kwako, usikubali kozi ya tatu ipande kabla timazi haijashushwa kila kona, hata kama anayejenga ni mwanao.