Kibarua wa siku ya 21

Huku kwetu Lubarika, Kivu Kusini, tumejifunza hesabu bila mwalimu. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kibarua wa kutwa akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Sheria nzuri, na wasomaji wake wakubwa ni waajiri. Ndiyo maana siku ya 21 msimamizi anakuwa mpole ghafla: "Papa, pumzika kidogo, tutakuita." Papa anarudi kwenye muhogo wake, ambao haujawahi kumdai diploma.

Siku hizi hata kazi ya kuchimba mtaro wa maji inatangazwa kwa Kifaransa kwenye WhatsApp: diploma, uzoefu wa miaka 3, na barua ya kueleza kwa nini unaitaka kazi. Kwa nini! Mtu ametembea hadi Luvungi kutafuta fotokopi, bado mna wasiwasi na hamu yake? Anayechaguliwa hutoka Uvira au Bukavu, na akifika huulizia kijana wa kumshikia koleo, kwa siku chache tu, zisizidi 21.