Jinsi ya Kusifiwa kwa Bakapu Usiyoitolea Jasho

Ndugu yangu afisa TEHAMA wa Dodoma, wewe uliyepewa seva, kiti kibovu na funguo za chumba cha nyuma ya masijala, sogea nikunong'oneze. Mwongozo huu hauwahusu wachapakazi. Unakuhusu wewe unayetaka mkurugenzi akuone shujaa, na bado saa tisa na nusu ikifika uwe umeshafunga ofisi. Njia za mkato zipo. Fuata hizi ninazokupa, maana nyingine zitakurudisha kazini usiku wa manane.

Hatua ya 1. Soma ukubwa, usisome ujumbe.

Mabosi wanapenda neno "imefanikiwa". Wape, lakini kabla hujawapa piga ls -lh uone faili lina uzito gani. Hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Unatoa data kwa mysqldump, unaipitisha kwenye gzip, unaandika faili. Nywila ya hifadhidata imebadilishwa wiki iliyopita, mysqldump imekataa, lakini gzip haina habari: imebana hewa, imemaliza salama, na mfumo unaripoti hali ya amri ya mwisho tu. Ukikuta faili la gz lenye baiti 20, usijidanganye kwamba data imebanwa vizuri. Baiti 20 ni ganda tupu. Andika set -o pipefail juu ya skripti yako ya bash, kisha weka sharti: faili likiwa dogo kuliko nusu ya lile la jana, skripti ipige kelele. Mistari miwili tu, na umewapita wengi wenye vyeti ukutani.

Ukidhani haya ni ya watu wadogo, kumbuka GitLab. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia bakapu wakakuta pg_dump ilikuwa ikishindwa kimyakimya, kwa sababu toleo lake lilikuwa la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6. Barua pepe za kuwaonya zilitumwa na kukataliwa njiani. Walipoteza data ya takriban saa sita. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi, na karibu zote zilikuwa za kusifiwa kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Mjue adui wako, umeme.

Hatua hii ni ya kwetu hasa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Umeme unakatika, UPS inavumilia dakika zake, seva inazima. Umeme unarudi, seva inawaka, lakini ile diski ya nje uliyoiunganisha kwa mkono haikurudi mahali pake, kwa sababu hukuiandika kwenye /etc/fstab. Saa nane usiku cron inaamka. Inaikuta saraka /mnt/bakapu ipo, tupu, inakaribisha. Inamimina gigabaiti zote humo, yaani kwenye diski ya seva yenyewe. Asubuhi mfumo wa malipo umeganda na mhasibu amesimama mlangoni kwako.

Sasa unapiga df -h, unaona diski kuu imejaa. Unapiga du kutafuta mla nafasi, humwoni. Kwa nini? Kwa sababu umeshaiunganisha tena diski ya nje, nayo imefunika ile saraka na kila kilichomo chini yake. Iondoe kwa umount, tazama tena /mnt/bakapu, utakuta marundo ya jana usiku yanakusubiri. Na kama nafasi ipo lakini mfumo unasema haipo, piga df -i. Huenda zilizoisha ni inode, yaani ingizo za faili, si gigabaiti. Hutokea sana kwenye seva za barua pepe, zenye vifaili vidogo kwa malaki.

Dawa ni mstari mmoja juu kabisa ya skripti: mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1. Diski haipo, kazi haianzi. Uandike leo kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 3. Usiamini flashi mpya.

Flashi nyingi za dukani huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. tar itakimbia vizuri, itafika hapo, itakufa. Ifomati upya kwa ext4, au likate faili kwa split -b 3G. Usinakili saraka za mfumo moja kwa moja kwenye FAT32 pia, maana umiliki na ruhusa za faili zitapotea. Zifunge kwanza ndani ya tar.

Hatua ya 4. Chagua amri inayokubaliana na diski yako.

Wazee wetu wa Unix walitumia dump, amri iliyokuwepo tangu 1975, na bado kuna maafisa wanaoirithi pamoja na seva. Inafanya kazi kwenye ext2 hadi ext4. Ukiielekeza kwenye XFS italalamika kwamba superbloku haieleweki, na wewe utadhani diski imeharibika. Diski ni nzima, tumia xfsdump. Ukibaki na dump, kumbuka herufi u, vinginevyo /etc/dumpdates haitaandikwa, na bakapu yako ya ngazi ya 1 itabeba kila kitu kama ngazi ya 0.

tar yenyewe ina maneno ya kukutisha bure. Ikisema inaondoa mkwaju (/) wa mwanzo kwenye majina, usihangaike, inakulinda usije ukafungulia faili za zamani juu ya mfumo ulio hai. Ikimaliza na namba 1 kwa kuwa faili lilibadilika wakati linasomwa, angalia ni faili gani. Logi? Endelea na chai. Faili la hifadhidata? Hiyo nakala haifai, itoe kwa mysqldump au pg_dump. Namba 2 ni kosa kubwa, usilifunike. Na jina la bakapu lije mara tu baada ya f. Ukiandika tar cf * bila jina, faili lako la kwanza ndilo litageuzwa bakapu na kilichokuwamo hutakiona tena.

Hatua ya 5. Jitengenezee fahari ya siku thelathini.

Hii ndiyo njia ya mkato niipendayo kuliko zote. rsync, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras tangu 1996, ina chaguo la --link-dest. Kila usiku unaunda saraka yenye tarehe. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi tena, linaunganishwa tu na lile la jana. Mkurugenzi akiingia unamfungulia saraka thelathini, kila moja inaonekana kamili, na diski haijajaa. Atatikisa kichwa kwa heshima. Mwache atikise, umestahili.

Ila kwanza jaribu kwa -n, uone itafanya nini kabla haijafanya. Chunga mkwaju wa mwisho: /data/ ni vilivyomo, /data ni saraka yenyewe. Na --delete usiitumie kamwe bila lile sharti la Hatua ya 2, ukiangalia chanzo pia. Chanzo kikiwa tupu, rsync itatii na kukufutia nakala.

Hatua ya 6. Kwenye crontab, andika njia kamili ya kila amri na uweke mkwaju wa nyuma kabla ya kila alama ya asilimia. Skripti inayokubali mkononi na kukataa usiku, mara nyingi ugonjwa wake ni mojawapo ya hayo.

Hatua ya 7. Nakala moja iondoke jengoni.

Vumbi la kiangazi, moto na mwizi havichagui seva na kuacha diski iliyo pembeni yake. Kama mna ofisi Dar es Salaam, tuma kwa rsync --partial, ili mtandao ukikatika faili kubwa lisianze upya. Tena usitegemee wingu la ng'ambo peke yake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Hata diski ndani ya mkoba kwenye treni ya SGR inafika. Lakini ifunge kwa gpg kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakudai ulinde taarifa za watu, na diski iliyosahaulika kwenye kiti cha treni haitasubiri utetezi wako.

Hatua ya 8. Kila Ijumaa, kabla ya saa tisa na nusu, chagua faili moja bila kufikiri sana. Lirejeshe kwenye /tmp, lifungue, lilinganishe na la asili. Mara moja kwa robo mwaka rejesha hifadhidata nzima kwenye kompyuta ya pembeni, uandike ilichukua muda gani. Usimwambie mtu. Juni itafika, Bunge la bajeti liko mjini, mwaka wa fedha unafungwa, na mtu atafuta jedwali ambalo waziri analisubiri. Watakuja wanne mlangoni kwako, wanahema. Waulize kwa upole ni la tarehe ngapi.