Namna ya Kunadi Sabuni na Sukari Sumbawanga kwa Mbinu za London

Umefungua duka Sumbawanga mjini. Jirani yako anauza vilevile unavyouza wewe: sukari, chumvi, mafuta ya kula, majani ya chai, sabuni ya mche. Ana spika mlangoni inayosikika mtaa wa tatu. Usinunue kubwa kuliko yake.

Anza na kisu. Ukikata mche wa sabuni vipande, mteja hukazia macho kile cha mwisho, maana ndicho huwa kifupi kuliko wenzake. Pima kwa rula, tia alama, ndipo ukate, naye akiona. Wenye maduka wa Uingereza nao walikuwa wakikata miche hivyohivyo, mpaka William Lever alipoanza mwaka 1884 kuuza Sunlight, sabuni iliyokwisha kukatwa sawasawa, ikafungwa na kupewa jina. Kisha akatangaza kwamba atakayeikuta imeghushiwa atalipwa pauni 1,000. Hapo ndipo alipowashinda wenzake: tangazo lake lilikuwa na adhabu juu yake mwenyewe. Wewe pauni hizo huna, lakini karatasi na kalamu unazo. Bandika ukutani: "Kilo yangu ikipungua, chukua nyingine bure." Anayeogopa kuandika maneno hayo anaijua vizuri mizani yake.

Na mizani yenyewe igeuze imtazame mteja. Mkulima wa Laela au Matai anayeingia dukani kwako huenda ametoka kuuza mahindi kwa lumbesa, gunia limejazwa mpaka likaota kichwa, akalipwa la kawaida. Ameshaibiwa mara moja msimu huu. Ukimpunja kwenye robo ya sukari atakwambia, "Asante, mwanangu," kisha kijiji kizima kitahamia kwa jirani mwenye spika.

Sasa toa vitu nje ya nondo. Harry Gordon Selfridge alipofungua duka lake kubwa London, Machi 1909, alipanga bidhaa mahali ambapo mtu angeweza kuzishika na kuzitazama bila kulazimika kununua. Mwaka huohuo Louis Blériot aliruka kwa ndege kuvuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza, na Selfridge akaiweka ndege hiyo dukani. Watu wakamiminika. Kwako ndege haihitajiki. Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inapouma asubuhi, mwombe muuza mitumba afungulie belo la masweta kibarazani kwako. Watakaokuja kugombea masweta mazuri wataondoka na majani ya chai. Mbinu hii naiamini kuliko tangazo lolote la redio.

Ukinadi cha jero (shilingi mia tano), taja kitu. "Jero, jero, jero!" ni kelele. "Jero ya chumvi!" ni tangazo.

Kuhusu punguzo, usiige kalenda ya watu. Maduka ya London yalishusha bei Januari ili kumaliza mzigo uliobaki baada ya Krismasi. Ukifanya hivyo Sumbawanga utauza kwa inzi: Januari mvua inanyesha, mahindi bado yako shambani, na pesa imekwenda kwenye mbolea na sare za shule. Subiri mavuno, wakati magunia yanapimwa kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kwa wanunuzi binafsi, na mtu ana noti mfukoni. Wakati huo ndio wa kushusha bei ya ndoo ya mafuta.

Lakini andika siku ya mwisho, na uiheshimu. Kuna maduka ambayo "ofa ya mwisho" imebandikwa mpaka jua limefuta maandishi; huo ni uongo unaolipiwa kodi ya pango. Ukiandika "Punguzo mpaka Jumamosi," Jumapili asubuhi panda kwenye kiti, bandua karatasi, rudisha bei ya zamani, hata kama katoni kumi zimebaki. Akija mtu mzima kuulizia, mwamkie kwanza: "Shikamoo, mama. Punguzo liliisha jana." Atanuna. Mpimie kwa bei ya kawaida. Mwaka ujao ukibandika tena, atakuja Ijumaa.